Kutajwa Hewani: Redio ya Biashara Dar es Salaam na Jina la Msikilizaji

 Wazee wangu mlioketi mstari wa mbele, baadhi yenu sauti zenu nilizijua miaka mingi kabla sijaziona nyuso zenu.  Vijana wa utangazaji, mwaliko wenu ulinitaka nieleze historia ya redio ya biashara ya hapa mjini na namna ilivyopanga vipindi vyake. Nitaeleza, ila nitapitia mlango wa uani. Naanza na baba yangu na betri zake.

Baba alikuwa na redio ya National ya betri nne, imevishwa kasha la ngozi lenye matundu madogo kama ya chujio. Betri zikichoka hakuzitupa. Alizianika juu ya bati tangu asubuhi, adhuhuri akazigeuza kama mtu anayegeuza dagaa, na jioni zilimpa saa moja au mbili zaidi. Saa hizo hazikuchezewa. Taarifa ya habari ilipata haki yake, muziki ulipata kidogo. Lakini kilipofika kipindi cha Ugua Pole, kile cha salamu za wagonjwa waliolazwa hospitalini, hakuna aliyediriki kusogeza mkono karibu na kifungo. Shangazi alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa, wiki ya tatu, na kutoka kwetu hadi huko nauli ilikuwa ya kukopa. Siku moja mtangazaji akasema jina lake. Jina la kwanza, jina la baba, namba ya wodi. Basi. Mama aliruka kutoka kwenye mkeka akatoka nje na upawa mkononi, akawaambia majirani neno moja: "Katajwa!"

Shangazi alikaa wodini siku nyingi baada ya hapo. Kijijini kwetu alianza kupona jioni ile.

Neno hilo la mama ndilo nitakalolitumia leo kupimia historia nzima. Ninavyoamini mimi, redio ya biashara ya mji huu haikusimamishwa kwanza na sabuni wala bia. Ilisimamishwa na watu waliokuwa tayari kutoa fedha ya mfukoni ili jina lao, au la mtu wao, lisemwe hewani pamoja na mahali anapoishi. Mengine yalijengwa juu ya msingi huo, na mengine, nitasema kwa uchungu, yalijengwa kwa kuubomoa.

Julai 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza kutoka chumba kidogo cha Kariakoo. Mawimbi yake hayakwenda mbali. Ilikuwa redio ya mji na vitongoji vyake, na jambo hilo sipendi tulipite mbiombio: redio ya kwanza ya Tanganyika ilikuwa ya mtaani kabla haijawa ya taifa. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965, miaka minne baada ya uhuru, shirika likavunjwa na redio ikawa idara ya serikali, Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wengi wenu mnaijua kwa herufi tatu za RTD. Mitambo ya masafa ya kati na masafa mafupi iliifikisha mpaka kwenye vijiji ambako gazeti lilifika likiwa limekwisha kufungiwa karanga. Idhaa yake ya nje iliwapa kinasa sauti wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, na hiyo peke yake inastahili mhadhara wake.

Mwaka huo huo wa 1965 ndipo ilipoanzishwa Idhaa ya Biashara. Vijana mkisikia redio ya serikali mnadhani haikuwa na biashara. Ilikuwa nayo, na bidhaa yake kubwa masikioni mwa watu wa kwetu haikuwa dawa ya meno. Ilikuwa tangazo la kifo. Wazee wanaikumbuka mizani yake: bwana fulani wa Magomeni Mapipa anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kilichotokea jana; habari ziwafikie fulani wa Ifakara, fulani wa Tunduru, fulani na fulani wa Kondoa, popote walipo. Lile "habari ziwafikie" lilikuwa ramani ya ukoo. Mtu aliyekaa Kondoa alijua kwa mara ya kwanza kwamba ana mjomba Tunduru. Aliyeachwa kwenye orodha naye alijua alipo moyoni mwa wenzake. Nimekaa kwenye vikao vya ukoo ambavyo ajenda ilikuwa moja tu: nani aliandika tangazo, na kwa nini fulani hakutajwa. Marehemu alikwisha kuzikwa, arobaini imepita, bado tangazo halijasamehewa.

Na muziki? Kwa miaka mingi bendi zetu zilirekodi nyimbo zao kwenye studio za RTD, na mkanda ukabaki pale pale redioni. Club Raha Leo Show iliwaingiza wanamuziki studioni, wakapiga kama wako ukumbini. Angalieni majina ya bendi zenyewe: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Tanga ilikuwa na Atomic na Jamhuri. Mtangazaji alipotaja bendi, mara nyingi alitaja mji, na mji mzima ulikaa sawa kitini. Mama na Mwana cha Deborah Mwenda kiliwalea watoto wa nchi hii. Pwagu na Pwaguzi waliwachekesha wazazi wao. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba vipindi vilivumbuliwa mwaka 1994.

Lakini mwaka 1994 ni mwaka mkubwa. Sheria ya Huduma za Utangazaji ilikuwa imepitishwa mwaka uliotangulia, ikafungua mlango kwa watu binafsi, na kampuni ya IPP ya Reginald Mengi ikaanzisha Radio One pamoja na televisheni ya ITV. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo ule urudi ulikuwa mwaka uliofuata, 1995. Nchi ilikuwa inajifunza kusema kwa sauti zaidi ya moja, na redio mpya ilikuja wakati masikio yamekwisha kufunguka.

Radio One haikuanza na wageni. Julius Nyaisanga, aliyependwa kwa jina la Uncle J, alitoka RTD. Charles Hilary alitoka RTD. Walikuja na pumzi ya kule: herufi zinatamkwa zote, jina la mtu halikatwi mkia, na mtangazaji hajisikilizi anaposema. Asubuhi kulikuwa na Kumepambazuka, jioni Spoti Leo. Kipya kilikuwa ukaribu. RTD ilizungumza na wananchi. Radio One ilizungumza na wewe uliye kwenye foleni ya Ubungo. Nyaisanga baadaye alihamia Morogoro kuongoza redio ya Abood, na huko ndiko alikofia Oktoba 2013. Hilary alizunguka idhaa za Kiswahili za Ujerumani na Uingereza kabla ya kurudi nyumbani, tukampoteza Mei 2025. Nawataja kwa makusudi. Mhadhara unaohusu kutajwa hauwezi kuwaacha.

Niseme kidogo habari ya mitambo, maana bila hiyo hatutaelewa kilichofuata. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, kama mwanga wa tochi. Yakikuta mlima yanakoma, na mahali macho yanapofika mwisho nayo karibu yanaishia hapo. Ukiwa na mnara mrefu Dar es Salaam utasikika Kibaha, na Unguja pia, maana baharini hakuna cha kuyazuia. Milima ya Uluguru hutaivuka. Ndiyo kusema kwamba teknolojia yenyewe iliirudisha redio pale ilipoanzia 1951: ikawa tena redio ya mji. Sauti ilikuwa safi, haina ule mvumo wa masafa mafupi wa kupanda na kushuka kama jahazi kwenye kusi. Na ilikuwa ndani ya daladala. Dereva mmoja alichagua kituo, watu 30 wakasikiliza, na wakishuka Mwenge wanauliza jambo lile lile lililoulizwa hewani.

Katika hali hiyo ndipo Taji Liundi na Mike Mhagama walipokaa kwenye DJ Show ya Radio One. Vijana wa mjini walikuwa wamekwisha kuanza kughani kwa Kiswahili. Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza mwaka 1991, Kwanza Unit walikuwepo, na Mr II aliyekuja kuitwa Sugu alikuwa akipanda. Walichokosa ni mahali pa kusikika. DJ Show ikawapa. Mhagama ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuuita muziki ule Bongo Flava, mwaka 1996, ili kuutenganisha na ule wa Marekani aliokuwa akiupiga kwenye kipindi hicho hicho. Fikirini hilo: muziki uliokuja kuwa sauti ya Tanzania nzima ulipewa jina na mtangazaji akiwa kazini, kwenye kiti chake, katikati ya wimbo na wimbo. Na vijana wale walifanya nini walipopata kinasa sauti? Walitaja mitaa yao. Temeke ikaingia kwenye jina la kundi, TMK Wanaume. Upanga ikawa na East Coast Team. Wagosi wa Kaya wakaja na Tanga yao mdomoni, lafudhi na yote. Wabunge walitoka kwenye safu hiyo, wakiwamo Sugu wa Mbeya Mjini mwaka 2010 na Profesa Jay wa Mikumi mwaka 2015, na mimi sishangai. Mtu anayejua kutaja watu atachaguliwa na watu.

Sasa niwaeleze kazi yangu mwenyewe. Miaka ile ya mwisho ya 1990 niliajiriwa na kituo kimoja cha biashara hapa mjini, ambacho sitakitaja. Sikuajiriwa kutangaza. Niliajiriwa kupanga kadi za salamu.

Nyinyi vijana hamzijui, kwa hiyo nitaeleza pole pole. Kadi ilikuwa na ukubwa wa kiganja, karatasi ngumu ya manjano, wino wake unachafua vidole. Iliuzwa dukani, pembeni ya viberiti na vocha. Juu iliandikwa "Mimi", ikafuata mistari ya vitone, kisha "wa", vitone tena. Chini yake "Nawasalimu" na namba kuanzia 1 hadi 10. Halafu "Ujumbe". Halafu "Wimbo". Ukishaijaza ulitumbukiza kwenye sanduku la mbao lenye kufuli lililokaa pale pale dukani, na Jumatatu na Alhamisi gari la kituo lilipita kukusanya. Zilifika ofisini ndani ya gunia la mchele. Mhasibu alizihesabu kabla hazijaja kwangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba zile hazikuwa barua. Zilikuwa mshahara wetu.

Nilizimwaga sakafuni na kuzipanga kwa maeneo. Mbagala huku, Manzese kule, Gongo la Mboto karibu na mlango, Kiwalani chini ya meza. Baada ya mwezi nilizijua hati za mikono. Kulikuwa na mkono mmoja wa Tandika ulioandika kadi zaidi ya 20 kila wiki kwa majina tofauti, mwandiko wa shule ya zamani, herufi zimelala upande wa kulia. Nilikuja kujua ni muuza duka aliyewaandikia wateja wasiojua kuandika, na hakuwatoza kitu. Kadi nyingine zilikuwa na alama ya mafuta, za mama wauza chapati. Nyingine zilinuka samaki, hizo za Feri. Mtangazaji wa kipindi alinifundisha kusoma alipoanza kuniamini: usivute pumzi baada ya jina la kwanza, vuta baada ya la tatu, nenda mbio kwenye namba lakini jina la mahali litamke lote, usiseme "Gongo" ukaacha "la Mboto", maana huyo mtu kodi yake analipia Gongo la Mboto. Ukilikosea jina, mwenyewe hakupiga kelele. Alinunua kadi nyingine akaandika upya kwa herufi kubwa.

Kwenye mstari wa ujumbe ndipo fasihi ilipokuwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." "Wembamba wa reli, garimoshi hupita." Sisi studioni tuliyasoma kwa furaha, hatukujua yamemlenga nani. Aliyelengwa alijua. Ujumbe ule ulifanya kazi ya kanga, na si bure kwamba maneno yale ya kwenye kanga huitwa jina. Kadi ilikuwa kanga iliyopata sauti. Mke aliyeshindwa kumwambia wifi yake uso kwa uso alinunua kadi, akaandika namba 1 jina la wifi, akaweka methali, akachagua wimbo wa taarabu, akaketi barazani na redio imefunguliwa hadi mwisho. Hakuna tusi lililotoka. Heshima ya nyumba ilibaki mahali pake, na jambo lilikwisha kufika.

Wana-salamu wenyewe wakawa jamaa. Wengi hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa majina ya hewani, ya kujibatiza, na kwa mtaa. Siku moja nilitumwa na kituo kupeleka rambirambi Tandika kwa mwana-salamu aliyefariki. Nilitarajia kukuta ndugu na majirani. Nilikuta watu zaidi ya 60 waliotoka kila pembe ya mji, wengine wamepanda boti kutoka Unguja, na kila aliyefika alisimama mlangoni akajitambulisha kwa jina lake la kwenye kadi. Mjane aliwapokea mmoja mmoja. "Ahaa, kumbe wewe ndiye." Alikuwa amewasikia miaka sita. Walichanga sanda, wakachanga chakula cha siku tatu. Wenye kampuni za utafiti wa masoko watawaambieni msikilizaji ni nini. Mimi niliona pale.

Kisha siku moja kituo kile kikapata meneja wa vipindi mpya. Alikuwa na karatasi iliyowagawa wasikilizaji kwa umri na kipato, na kwa mujibu wa karatasi hiyo watu wa kadi hawakununua vya kutosha. Kipindi cha salamu kilifutwa mwisho wa mwezi, pasipo kutangazwa. Magunia mawili ya kadi ambazo hazijasomwa yalichomwa nyuma ya chumba cha jenereta. Watu walikuwa wamezilipia. Nilisimama pale nikitazama majina yanavyojikunja, na hadi leo nalihesabu tendo lile kuwa ni deni. Nilichomoa kadi moja juu ya gunia. Ninayo hapa.

Sitaki muelewe kwamba kila kilichokuja baadaye kilikuwa hasara. Clouds FM, iliyochipuka kutoka disko la Joseph Kusaga na kuanza kurusha matangazo mwishoni mwa miaka ya 1990, ilifanya jambo ambalo sisi wa kadi hatukulifikiria. Kusaga na mwenzake Ruge Mutahaba waliifanya redio itoke studioni. Tamasha la Fiesta lilizunguka mikoani, likawapandisha jukwaani wasanii wakubwa, na kwenye jukwaa hilo hilo kijana wa mkoa ule akapewa nafasi aonekane na watu wa kwao. Ruge akaanzisha Tanzania House of Talent kuwalea waimbaji. Kwenye kipindi cha Jahazi, alasiri, Ephraim Kibonde na Gardner Habash waliketi wakazungumza kama watu wawili wa barazani, mmoja anaanza sentensi, mwingine anaimaliza, na mji uliokwama kwenye foleni ukawa ndio baraza lenyewe. Hapo hapakuwa na kadi. Palikuwa na mazungumzo, na msikilizaji aliingia kwa simu.

Ruge alifariki Afrika Kusini Februari 26, 2019, akazikwa Bukoba Machi 4. Kibonde aliyekuwa ameshika shughuli za msiba ule aliugua huko huko, naye akafariki Mwanza Machi 7. Wiki ile mwenye kibanda cha kuchaji simu mtaani kwetu, ambaye hakuwahi kukutana na mmoja wao, alifunga kazi siku mbili. Nilimuuliza, ni ndugu zako? Akanijibu: "Mzee wangu, wale jioni zote nilikuwa nao." Sikuwa na la kuongeza. Gardner naye aliwafuata Aprili 2024.

Simu ndiyo iliyobadilisha mambo kuliko meneja yeyote. Mobitel ilianza 1994, mwaka ule ule wa Radio One, lakini wakati huo simu ya mkononi ilikuwa ya wenye nacho. Kuanzia 2000, Vodacom ilipoingia na vocha zikashuka hadi za kuuzwa barabarani, ujumbe mfupi ulikula kadi kama mchwa. Ulikuwa mwepesi na ulifika papo hapo. Tatizo lake ni dogo, na ndilo ninalotaka mlisikie: simu haina mstari wa vitone ulioandikwa "wa". Haikuulizi unaishi wapi. Wiki iliyopita nilikaa na kalamu nikasikiliza kituo kimoja cha hapa mjini saa nzima ya jioni, nikahesabu majina. Wachezaji mpira watano. Wasanii sita, mmoja wao mara 11. Benki moja mara nne, kampuni ya kubahatisha matokeo mara tisa. Wasikilizaji waliotajwa walikuwa watatu, na wa nne alisomwa hivi: "huyu anaishia na 47, anasema mko vizuri." Anaishia na 47! Mtu mzima, ana jina alilopewa na bibi yake, ana mtaa, ana mwenyekiti wa mtaa, na sisi tumempa tarakimu mbili za mwisho. Najua sababu, ni kulinda namba yake, na ni sababu njema. Lakini jina lake tungeweza kuliuliza.

Jambo la pili ni ukuaji wenyewe. Vituo vilivyofanikiwa havikubaki Dar es Salaam. Vilijenga minara mikoani, vikailisha kwa setilaiti, na leo mtangazaji wa Dar anasikika Kigoma sekunde ile ile. Ni kazi kubwa ya mafundi na wawekezaji, naiheshimu. Ila sikilizeni kinachotokea kwenye ulimi wa mtangazaji. Anaogopa kutaja foleni ya Tazara kwa sababu mtu wa Kigoma haimhusu. Anaogopa kutaja soko la Kigoma kwa sababu halijui. Anakimbilia "wasikilizaji wetu kote nchini". Maneno hayo manne hayajamtaja mtu yeyote.

Wenzetu Kenya walipita njia nyingine. Kule pia salamu zilikuwa mhimili wa Idhaa ya Kiswahili, na sauti kama ya Leonard Mambo Mbotela, aliyeanza Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, ilikuwa ya kila nyumba. Milango ilipofunguliwa, vikazaliwa vituo vya lugha za makabila, Kameme ikatangulia kwa Kikikuyu mwaka 2000, na uenyeji wa redio ukawa lugha. Kwetu leseni ni ya Kiswahili au Kiingereza. Mimi naukubali uamuzi huo, maana nimeona Rwanda ya 1994 redio ilivyotumika kuwatenga watu kwa majina yao na mitaa yao ili wauawe. Kutaja si jambo jema kwa asili yake. Inategemea unamtaja mtu ili afanyweje. Lakini uamuzi huo unatupa kazi ngumu zaidi. Ikiwa redio ya Iringa na redio ya Tanga zote zinasema Kiswahili kile kile, uenyeji wake utaonekana wapi? Utaonekana kwenye majina ya mahali na ya watu, kwenye nani amefiwa, daraja gani limekatika, mbuzi wa nani kaokotwa. Nendeni Morogoro, Iringa, Mtwara, mkasikilize vituo vya huko. Tangazo la kifo lingali hai. Kijana mwenye diploma anayeona haya kulisoma hajajua amekalia nini.

Mmeniuliza kabla sijapanda hapa kwamba kipindi kizuri kinapangwaje. Sina kanuni. Nitawapa zoezi nililowapa wanafunzi wangu wa mwisho. Panda daladala asubuhi, usivae vipokea sauti. Shuka kituo usichokijua. Tafuta mtu mmoja anayefanya kazi, muulize jina, mtaa, na nani angependa asikie sauti yake leo. Rudi studioni, useme hayo matatu kwa sekunde 20, utamke yote. Ukiona mkono unatetemeka kidogo kabla hujafungua kinasa sauti, uko sawa.

Narudi kwenye ile kadi niliyoichomoa juu ya gunia. Upande mmoja umeungua pembeni, wino umefifia. Jina la mwenyewe silisomi, kwa sababu sijui kama yu hai na sijamwomba ruhusa. Ni mpakuzi wa magunia, ameandika "wa Feri, Kigamboni upande wa pili". Kati ya namba 10 amejaza tatu: mama mkubwa, Kilwa Masoko, shemeji, Kilwa Masoko, na namba 3 ameandika tu "wadogo zangu wote". Wimbo: "wowote". Kwenye ujumbe hakuweka methali. Ameandika kwa penseli, amefuta, ameandika tena juu yake: "Nimefika salama. Kazi nimepata. Msiuze lile shamba."